Miwani Uliyoninunulia Bila Kunitazama

Mama Neema,

Naona haya hata kukuandikia. Mkono unasita kana kwamba tumesimama uso kwa uso, mimi na wewe tu, bila mtoto katikati. Miaka yote tuliyokaa uwanja mmoja hapa kambini Nakivale sikuwahi kukuelekezea neno moja kwa moja, na leo nakuelekezea karatasi nzima. Ungekuwa hai ningemwita Neema nimwambie, "Ambia mama yako hivi na hivi," nawe ungejibu kutoka upande wa pili wa pazia, na heshima ingebaki mahali pake. Sasa pazia lipo, sauti haipo. Sijui niseme kwa njia gani nyingine.

Neema hajambo. Meno ya mbele yameng'oka yakaota mengine, makubwa kuliko uso wenyewe. Shuleni anafundishwa Kiingereza, na kila jioni ananisahihisha kwa ukali ambao mimi, mwalimu wa miaka mingi, sikuwahi kuwa nao kwa wanafunzi wangu. Baba yake hajaleta neno tangu alipovuka kurudi Kongo kuangalia mashamba, wewe ukiwa bado mzima. Tumebaki wawili. Napika mimi. Majani ya muhogo nayatwanga, lakini sombe yangu haina ladha; naambiwa hivyo bila kufichwa.

Neema ndiye aliyenifikisha kwenye barua hii. Mvua za kwanza zilikuwa zimeanza, tunapanda maharagwe nyuma ya nyumba, akaacha jembe akasimama.

"Babu, mama alikuwa na sura ya namna gani? Miye naanza kusahau."

Nikamwambia ulikuwa mtu mwema, mchapakazi, mcha Mungu.

"Sikuuliza hiyo. Nimeuliza sura. Nafanana naye fasi gani, machoni, puani?"

Nikainama kama mtu aliyeona mdudu kwenye udongo. Nilikuwa natafuta. Nilivikuta visigino vyako, vile vilivyopasuka wakati wa kiangazi. Nilikuta pindo la kitenge chako cha kijani, mkono wako ukiweka sahani juu ya kigoda na kuondoka upesi, na mgongo wako mlangoni, umebeba maji. Sauti yako niliikuta nzima, hata ile uliyoitumia kufukuza kuku. Lakini juu ya shingo, Mama Neema, sikukuta kitu. Palikuwa na kitambaa cha kichwa, na chini ya kitambaa hamna mtu.

Nilijaribu kumweleza mtoto. Nikamwambia kwamba kwetu, kwenye milima iliyo juu ya Ziwa Tanganyika, baba mkwe na mke wa mtoto wake hawatazamani usoni, hawapokezani kitu mkono kwa mkono, hawaitani majina. Nikamwambia hakuna heshima kubwa kuliko hiyo, na kwamba mimi na mama yake tuliishika hata baada ya kupoteza nchi, nyumba, ng'ombe na kila kitu kingine tulichorithi. Nilisema vizuri, nadhani. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Basi," akasema, "mwenye alikaa na sisi hapa alikuwa nani?"

Nikaokota jembe aliloliacha. Tukamaliza mstari wa maharagwe.

Unakumbuka kabla hajazaliwa, hatukuwa na mtu wa kutupitishia maneno? Mumeo akienda kibarua, tulibaki wewe, mimi, na vyombo. Ulikuwa unazungumza na sufuria. "Wee sufuria, chakula kimeiva, anayetaka kula aje kabla hakijapoa." Nami nikiwa nje nilikuwa namjibu kuku: "Wee jogoo, waambie walio ndani kwamba nimeshiba tangu mchana." Majirani Waganda walidhani nyumba hii ina wendawazimu wawili. Neema alipoanza kuongea tulimpokea kama mkalimani aliyetumwa na serikali.

Picha yako hakuna. Simu yako ilikuwa ile ya vibonyezo, haikujua kupiga picha. Karatasi ya familia ya wakimbizi ina sura yangu peke yangu, kwa kuwa mimi ndiye mkuu wa nyumba. Ndugu zako uliwapoteza njiani ukiwa msichana, ukafika hapa peke yako, kwa hiyo hakuna mama mdogo wa kumwangalia Neema akasema, "Huyu hapa ndiye dada yangu." Na siku ya kukuzika, kanisani, mchungaji aliposema watu wapite kukuaga, mstari ukaanzia mlangoni, wakapita hata watu ambao hukuwahi kuwauzia nyanya. Mimi nilibaki kwenye benchi. Ilikuwa sahihi nibaki. Wazee walinitazama wakaona mtu anayejua desturi.

Sasa usikie aibu niliyojitafutia.

Nilienda sokoni, pale Base Camp, ulipokuwa unauzia. Nilivaa koti la Jumapili ili swali langu lionekane la kanisa. Nikaanza na Mama Riziki muuza samaki wa ndagala, kwa kuwa ulikuwa unakaa karibu naye. Nilizunguka sana, nikaulizia bei, nikaulizia magoti yake, mwisho nikasema kwamba mtoto anataka kujua sura ya mama yake, na kwamba mimi, kwa sababu anazozijua, siwezi kumsaidia.

Akaweka chini kopo la kupimia.

"Mwalimu. Sura ya mukwe wako unaitafuta hapa sokoni? Kwani uliipotezea wapi?"

Meza zote zikacheka. Yule muuza makaa, anayekaa pembeni, akaongeza bila kuinua kichwa: "Wazee ba siku hizi. Banakumbuka bakwe kisha kuzika."

Nilitamani kuondoka. Nikasimama tu na koti langu. Walipoona siondoki wakaacha kucheka mmoja mmoja, wakaanza kunisaidia, na hapo ndipo mambo yakaharibika zaidi. "Alikuwa muzuri." Uzuri gani? "Uzuri wa mutu mwenye anajua bei." Mmoja akasema ulikuwa na mwanya. Mwingine akakataa, mwenye mwanya ni Mama Esta. Uso wa duara. Hapana, mrefu, kama wa bantu ba Uvira. Rangi ya maji ya kunde. Hapana, mweusi kama miye. Walikupenda, Mama Neema, hilo nililiona. Mmoja wao alifuta macho kwa ncha ya kitenge. Lakini walikuwa wanakuona kila siku, na mtu anayekuona kila siku hana haja ya kukukariri.

Aliyenipa kitu cha kushika ni mwenyeji mmoja, Munyankole yule anayeleta maziwa kutoka Endiinzi. Alikuwa anafunga madumu kwenye baiskeli, akasikia ubishi. "Mzee, huyo mama mimi nakumbuka. Alikuwa anaonja maziwa, anafunga jicho moja. Hii hapa, ya kushoto. Kama maji iko ndani, anafungua hiyo jicho pole pole, anakuangalia. Wewe mwenyewe unasema pole, unapunguza bei."

Nikabeba jicho lako la kushoto mpaka nyumbani.

Neema alifurahi. Akafunga lake, akafungua polepole, akacheka. Halafu akasema, kama mtu anayetaja jambo dogo, "Lakini mimi namkumbuka zaidi akiwa na miwani."

Nikamwambia mama yako hakuwa na miwani.

"Yako. Alivaa yako, siku ile aliileta. Alisema nisikuambie."

Hapo niliketi.

Unajua hali ya miwani yangu ilivyokuwa kabla ya ile. Fremu ya kwanza niliilalia. Ya pili Neema aliikalia akiwa mdogo. Ya tatu nilikuwa nimeifunga kwa uzi wa nailoni upande mmoja na kwa waya upande mwingine, na Jumapili niliposimama kusoma Neno nililazimika kuishikilia kwa mkono, kama mtu anayetazama jua. Hukusema lolote. Siku moja uliichukua juu ya kigoda nilipokuwa nimesinzia, ukaenda nayo Mbarara ulikokuwa unafuata bidhaa, na jioni nikasikia sauti yako nyuma ya pazia:

"Neema, ambia babu miwani yake iko kwa kiti. Ambia asiogope kuikunja. Hata akiilalia, itaamuka kabla yake."

Nilitoka, nikaikuta. Vioo vyenye nguvu ileile ya vile vya zamani, ila fremu nyembamba, nyepesi, ya rangi ya kahawia. Niliukunja mkono wa fremu kidogo kwa woga, nikauachia, ukarudi. Nikaukunja zaidi, ukarudi. Nilikuwa nimewahi kusoma kwamba kuna metali inayotengenezwa namna hiyo, inayopindwa ikarudia umbo lake, sikufikiri ningeivaa. Na ilinikaa vizuri tangu saa ile. Haikubana masikio, haikuteleza puani. Sikujiuliza ilikuwaje. Nyuma ya pazia nilisikia wewe na Neema mnacheka mpaka mnakosa pumzi, nikadhani ni mambo ya wanawake. Sikutuma hata asante. Mkwe hashukuriwi, hivyo ndivyo tulivyolelewa. Nilimwambia jogoo kwamba nimeona.

Kumbe ulikuwa umeivaa. Basi likanijia wazo ambalo, kwa mtu aliyesoma, ni la kipuuzi. Nilifikiri: chuma hiki kinakumbuka. Kimekaa juu ya uso wake. Nikakiangalia dirishani, nikapima kwa vidole upana kati ya mikono ya fremu, mpindo wa pale puani, kana kwamba ningeweza kukujenga kutokea hapo kwenda nje. Skrubu moja ilikuwa imelegea kwa bahati. Nikapata sababu ya safari.

Niliondoka na gari la asubuhi. Mbarara nilishuka chini ya kilima cha Kamukuzi, nikatembea kurudi mjini nikiuliza duka kwa duka ni nani aliyeuza fremu hii, mpaka nikampata kijana mmoja mwenye koti jeupe ambaye, alipoiona fremu tu, akaichukua na kuisokota kwenye kidole chake kama utepe. Nilipiga kelele. Akaiachia. Ikaruka, ikawa miwani.

"Usiogope, ssebo. Hii haikufi. Nani alikununulia?"

Nikamweleza, mke wa mtoto wangu, kutoka Nakivale. Akanitazama, akaanza kucheka kabla hajasema.

"Huyo mama! Nakumbuka. Nilimuuliza, kichwa ya mzee wako ni kubwa kama nini? Anasema hajui, yeye hamuangalii. Nikasema, mama, unakaa na yeye nyumba moja, humuangalii? Anasema, huyo ni baba mkwe, mimi siwezi. Alicheka mpaka akakaa chini. Basi nikampa hii, nikamwambia, hii inasamehe kichwa yoyote. Lakini hakukubali ya kwanza. Alivaa hii, akatoa. Akavaa ingine. Halafu akasema, hapana, yake ni pana kuliko hii, na pua yake iko juu. Akachagua yeye mwenyewe."

Nikauliza swali langu. Nikauliza ulikuwa na sura gani.

"Sura?" Akafikiri kweli, namshukuru kwa hilo. "Mzee, mimi naangalia pua na masikio tu. Pua yake ilishika miwani vizuri."

Nikamwuliza, na hapa naandika huku uso unawaka, kama fremu ile yaweza kuwa imebaki na kitu chochote cha mtu aliyeivaa kabla yangu. Hakunicheka. Alikaza skrubu, akaipangusa kwa kitambaa, akaniwekea mkononi.

"Ingekuwa ya plastiki, pengine. Ile inapanuka, inazoea mwenye nayo. Hii hapana. Hii haikumbuki mtu. Inakumbuka kiwanda."

Nilikaa kwenye ngazi za duka jirani mpaka gari la kurudi lilipokaribia kuondoka. Watu walipita wakinisalimu kwa Kinyankole. Nilihisi kama mtu aliyekwenda kudai kitu kisicho chake mahali ambapo hakikuwahi kuwekwa.

Jua lilikuwa bado halijazama nilipofika. Neema alikuwa ameosha vyombo, ameviweka kwa mpangilio wako, vikubwa chini. Sikuweza kuzungukazunguka tena. Nikavua miwani, nikamnyoshea.

"Nionyeshe alivyoivaa."

Alisita. "Hutakasirika?"

"Sitakasirika."

Akaivaa. Ni kubwa kwake, lakini aliikandamiza kwa vidole kwenye mashavu, nayo ikakubali. Akaketi kwenye kigoda changu. Akaisukuma miwani ikashuka mpaka ncha ya pua. Akalamba kidole, akafungua ukurasa usiokuwepo. Midomo yake ikaanza kwenda kabla ya sauti, kama ya mtu anayeonja maneno kwanza. Kisha akainua macho juu ya fremu, akayapitisha kwa watu waliosinzia kanisani, mmoja mmoja, kwa huzuni kubwa, akakohoa kidogo, akarudi kwenye kitabu. Akafika kwenye jina gumu, moja ya yale ya Agano la Kale, na mkono wa kushoto ukapanda wenyewe ukashika ncha ya sikio na kuivuta.

Mimi sikujua kwamba navuta sikio. Mkono wangu ulikuwa tayari sikioni nilipofikiri hivyo.

Huyo alikuwa mimi, Mama Neema. Alikuwa mimi mzima, mwenye maringo yangu na uchovu wangu, hata ile namna ninayofunga kitabu kwa viganja viwili kana kwamba neno litatoroka. Mtoto hakuniiga mimi. Alikuiga wewe ukiniiga. Na wewe ungejuaje, kama hukuwa unanitazama? Ulinitazama kutoka benchi za akina mama. Ulinitazama kutoka jikoni. Pazia lile lina matundu, nami miaka yote nilijua hivyo, ila sikuwahi kufikiri kwamba jicho linaweza kuwa upande wa pili. Ulimwambia yule kijana kwamba hunitazami, kwa heshima, ukakaa chini kwa kicheko, halafu ukainuka ukachagua upana wa kichwa changu bila kukosea.

Uliishika desturi mbele yangu, na nyuma yangu ulikuwa na baba. Mimi niliishika mbele na nyuma, na sikuwa na mtu. Hilo ndilo linalonitia aibu. Heshima yenyewe hainitii aibu. Niliipokea kwa mikono safi kutoka kwa waliotangulia. Aibu yangu ni kwamba nilidhani imenikataza hata kutaka kujua. Wewe ulitaka. Ukaiba kidogo kila siku, ukaniletea wizi wako ukiwa miwani.

Neema alikuwa bado amekaa. "Halafu alimaliza," akasema, "akavua, akacheka hivi."

Akacheka. Kidevu kikashuka kifuani, macho yakafumba yote mawili, mabega yakapanda, na mkono ukaenda mdomoni kwa upande wa nyuma wa kiganja, si wa ndani, kama mtu mwenye unga mikononi. Nimeishi na mtoto huyu tangu azaliwe na sijawahi kumwona anacheka namna ile. Haikuwa yake. Mama yangu hakucheka hivyo, wala mke wangu, wala mtoto wangu. Haya zilinipanda kutoka miguuni, zile zile za siku zote, zikaniambia geuka, huyu ni mke wa mtoto wako.

Sikugeuka. Nilikutazama mpaka kicheko chako kikaisha.

Halafu nikamwambia Neema kile nilichokiona, polepole, kama ninavyofundisha: kidevu, mkono, mabega. Nikamwambia, hapo unafanana naye. Aliinuka akakimbia kwenda kumwonyesha Mama Riziki. Nimesikia kwamba sokoni ubishi umekwisha, ingawa suala la mwanya bado halijaamuliwa.

Sasa anakuja kila mara kuniuliza jambo lingine juu yako, nami namweleza nilichonacho: sufuria uliyoiongelesha, visigino, namna ulivyofukuza kuku. Ni kidogo. Anakipokea.

Pumzika, binti yangu. Sikuwahi kukuita hivyo. Hata sasa nimeliandika neno hilo nikatazama mlangoni kama kuna mzee mwenzangu amelisoma. Asante kwa miwani. Asante kwa kila sahani uliyoweka juu ya kigoda. Mtoto wako atakula, atasoma, na sombe nitajifunza.

Na kuna hili moja nakuahidi. Siku moja watakuja watu hapa kumposa Neema. Watakaa upande ule, sisi upande huu, watazungumzia ng'ombe ambao hakuna kati yetu aliye nao. Nikiwa hai, kabla kinywaji hakijamiminwa, nitatoa sharti langu, na wala halitahusu ng'ombe. Baba wa kijana asimame, amtazame Neema usoni mbele yetu sote, amsalimie kwa jina lake. Akishindwa kwa haya nitamwelewa kuliko mtu mwingine yeyote aliye hapo. Nitamwambia akae, anywe maji, apumzike. Kisha asimame tena ajaribu. Hatutaendelea mpaka amtazame.

Baba mkwe wako,
Nakivale